Nane Iliyolala

Msellem bin Duni hakuwahi kutamka neno "nimekosa" tangu alipotoka chuoni, na chuoni alitolewa kwa kumsahihisha mwalimu wake mbele ya wenziwe. Akijikwaa, jiwe ndilo lililokaa vibaya. Mvua ikimlowesha, wingu ndilo lililokosa adabu. Na mota ya chumba cha baridi cha Bwana Badar ilipoungua mikononi mwake, mwezi wa Rajabu, vikapu vya samaki, changu na tasi, vikiwa vimepangwa hadi mlangoni, Msellem alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa, akasema:

"Mota hii haikutaka kuishi."

Bwana Badar hakucheka. Alikuwa tajiri wa makamo, babu zake walitoka Omani wakamwachia mashamba, yeye akayauza akanunua injini ya dizeli, akaiweka ghalani kwake karibu na bandari ya Wete. Injini ile ndiyo iliyozalisha umeme, umeme ukaendesha chumba cha baridi, na chumba cha baridi kikawapa watu wa Wete barafu na samaki asiyenuka. Mwaka ule wa 1960 mji mzima ulikuwa ukigombana kwa vyama, watu wakifika hadi kuchagua duka la kununulia chumvi kwa rangi ya bendera. Lakini barafu ya Bwana Badar haikuwa na chama. Ilipokosekana, walionung'unika walinung'unika pamoja.

"Fundi," alisema Bwana Badar, "nimeagiza mota nyingine Mombasa. Itafika Shaaban. Baada ya Shaaban ni Ramadhani, na nimeshawaahidi watu sharbati ya baridi kwenye futari. Basi nisikilize. Na hiyo nayo ikiungua, ufunguo wa chumba cha baridi utatoka mfukoni mwako uingie mfukoni mwa Nyange."

Ufunguo wenyewe ulikuwa wa shaba, mrefu kama kidole cha kati, na Msellem hakuuweka mfukoni hata siku moja. Aliuning'iniza kiunoni kwa mnyororo, ili ulie anapotembea. Watu walimsikia kabla hawajamwona, wakasema, "Fundi Msellem huyo anapita." Bila ufunguo ule angekuwa nani? Angekuwa mjukuu wa Bi Time, kijana mwembamba mwenye maneno mengi. Hilo alilijua vizuri kuliko alivyoijua mota.

Na Nyange! Afadhali ufunguo utupwe baharini. Nyange alikuwa fundi wa Konde, mtu wa tumbo na sauti, mtengenezaji wa baiskeli, majiko ya stovu, malori na vitasa. Hakumiliki kipimo cha aina yoyote. Petroli aliionja kwa ulimi, oili aliinusa, na injini aliisikiliza kwa kuweka sikio kwenye bisibisi. Jioni alikuwa bingwa wa kibati, ule mchezo wa kujibizana kwa mashairi, na akikushika kwenye shairi lake, utalisikia likiimbwa sokoni kabla hujamaliza kununua muhogo. Msellem naye alijiona mshairi, ila mashairi yake alijisomea mwenyewe.

Sasa, sababu ya mota kuungua Msellem aliijua, ingawa hakumwambia mtu. Mashine ile ilikuwa ya kisasa. Mota yake imo ndani ya chungu cheusi cha chuma kilichochomelewa pande zote, na humo ndani inaoga kwenye gesi ya baridi. Gesi ile ikibanwa huwa kimiminika, cheupe kama maji ya mvua, nacho hupenya hadi katikati ya nyaya za mota. Kikiwa kikavu hakuna neno, kwani ni kikaidi, kinakataa katakata kupitisha umeme. Kikiingiwa na unyevu kidogo, ukaidi unakiishia. Umeme unaiba njia, unaruka waya hadi waya, na siku moja chungu chote kinatoa harufu ya mkaa. Ukaidi huo wenye vitabu wanauita ukinzani. Na hewa ya Pemba, hewa inayofanya chumvi idondoke maji ndani ya kibakuli, ndiyo iliyoingia mle ndani siku Msellem alipoacha mdomo wa bomba wazi akaenda kula ugali wa muhogo na pweza, mvua ikinyesha.

Basi akaapa kimoyomoyo: gesi haitaingia tena kwenye chungu kabla ya kuulizwa ukaidi wake.

Chombo cha kuiulizia alikitengeneza mwenyewe. Alichukua kipande cha bomba nene la shaba, akakitoboa dirisha dogo na kulitia kioo kinene. Ubavuni akafunga plagi mbili za lori, zile za kutoa cheche, kwa sababu plagi imezoea kubanwa na haivuji, na kauri yake nyeupe haipitishi umeme. Kila plagi akaichomelea sahani ndogo kwa ndani. Sahani mbili zikatazamana, na kati yake akaacha nafasi sawasawa na unene wa senti kumi. Senti yenyewe, ile yenye tundu katikati, aliichomeka, akakaza, kisha akaitoa.

"Nafasi hii haiguswi," alimwambia Bi Time, bibi yake, aliyekaa naye nyumba moja. "Ikiongezeka au ikipungua, nambari zinageuka, na sitajua tena napima gesi au napima mkono wangu."

Bi Time alikuwa mama wa mama yake, mfupi, mkavu, mwenye macho ya kunguru. Kama wafanyavyo mabibi wote, alimwita mjukuu wake mume.

"Mume wangu," alisema, "mwaka wa pili huu hujaniletea hata kanga. Leo nakuona unamvisha shaba mwanamke mwenzangu. Na huyo sanduku jeusi ni nani, kungwi wake?"

"Hii inaitwa mega. Nimeinunua Tanga kwa fundi wa meli." Msellem akamzungushia mkono wa pembeni wa sanduku. Ndani ya kioo, mshale mwembamba ukatikisika. "Ukizungusha, inazaa umeme wake yenyewe, umeme mkali. Inausukuma kwenye kitu. Kitu kikikubali upite, mshale unakuja huku kwenye sufuri. Kikikataa, unakwenda kule mwisho. Unaiona ile alama?"

Bi Time akainama. "Naona nane. Imelala."

"Ndiyo. Nane iliyolala. Maana yake, ukaidi usio na mwisho."

"Basi wangekuchora wewe," alisema Bi Time, akaenda zake jikoni.

Habari za mega zilifika Konde kwa gari la abiria la asubuhi, na alasiri Nyange akawa amesimama mlangoni pa karakana ya Msellem, kofia imepanda juu ya paji, nyuma yake wapo watu wa kutosha kumcheka yeyote.

"Yakhe, nasikia siku hizi gesi unaiagua kama mganga."

"Naipima, Fundi Nyange. Wengine wananusa, miye napima."

"Pua n'liyopewa na Mola haijaniungulia mota. Kisanduku chako kinajuaje kilicho kikavu na kilicho kimaji? Hebu kinipime na miye."

"Nisingekushauri," alisema Msellem, kwa sauti ya upole ambayo wanaomjua wangeiogopa.

"Unaogopa kisanduku kiseme uongo mbele za watu?"

"Sikuogopi weye wala hicho. Shika basi. Waya huu mkono wa kulia, huu wa kushoto. Shika kwa nguvu, usije ukasema nimekupunja."

Nyange akazishika kama anayeshika pembe za fahali. Msellem akazungusha mkono wa mega mara moja, taratibu, kisha mara ya pili, si taratibu sana. Nyange akatoa sauti ambayo haikuwa imewahi kusikika kwenye kibati chochote. Kofia ikamtoka, miguu ikaachana na ardhi, na waya zikaruka hadi juu ya meza.

Msellem akautazama mshale kwa utulivu wa daktari. "Karibu na sufuri," alisema. "Fundi, ndani yako mna maji tele. Ungekuwa gesi ningekumwaga."

Watu walicheka hadi machozi, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Msellem. Keshoye, sokoni Wete, wachukuzi walikuwa wakiimba:

Msellem kanunua, mashine ya kuzungusha,
Gesi anaiagua, kama jini la kutisha,
Mota imeshaungua, ya pili ataiwasha,
Wete tukishaamua, Tanga tutairudisha.

Msellem alilisikia akiwa amebeba papai. Mizani ilikuwa kamili, akaihesabu mara mbili akitafuta kosa, hakuliona. Hilo lilimuuma zaidi ya maneno yenyewe.

Kwa hasira akamwendea Bwana Badar. "Siku mota ikifika, waite watu. Nitaipima gesi hadharani, na Nyange awepo. Mtungi nimeufuata Tanga mwenyewe, una lakiri yake. Gesi iliyomo ni kavu kuliko jangwa. Mshale utalala juu ya nane, kila mtu aone."

"Na usipolala?"

"Utalala."

"Nimekuuliza, fundi. Usipolala?"

Msellem akautikisa ufunguo kiunoni. "Umpe Nyange."

Mota ilifika siku ya Alhamisi, mwisho mwisho wa Shaaban, na Bwana Badar akatangaza kuwa kipimo ni baada ya sala ya alasiri. Msellem alikiosha chombo chake kwa spiriti, akakisuuza, akakifungua kifuniko na kukiweka juani, uani kwa nyuma, juu ya kigoda, ili kikauke hadi ndani ya mifupa. Kisha akaenda kuifunga mota mahali pake. Hakumwambia mtu asikiguse chombo. Mtu kama Msellem haweki mlinzi, kwa kuwa hadhani kuna atakayethubutu.

Aliporudi kukichukua, nyumba ilikuwa imejaa moshi wa ubani kama ilivyokuwa kila Alhamisi. Bi Time alikuwa akifukiza nguo, mito, pembe za chumba na mitungi ya maji ya kunywa, ile anayoipindua mdomo chini juu ya chetezo ili maji yatakayotiwa yanukie. Chombo kilikuwa pale pale juu ya kigoda, kioo chake kinang'aa. Msellem akakaza kifuniko, akakifunga kwenye kitambaa safi, akatoka mbio.

"Mume wangu, nami nakuja!" Bi Time alimwitia. "Nataka kumwona mwenzangu anavyotolewa nje!"

Ghala lilijaa. Walikuwepo wavuvi waliosubiri pa kuweka samaki wao, wauza sharbati, makarani waliotoka ofisini wakiwa na kalamu mifukoni, na wanawake waliosimama upande wa mlango, Bi Time mbele yao. Nyange alikuwa amekalia gunia la mchele, mikono tumboni. Mota mpya ilikuwa ndani ya chungu chake cheusi, kimya, ikingoja kunyweshwa.

Msellem akaupindua mtungi wa gesi, akaunganisha bomba, akafungua koki. Kimiminika kikapanda nyuma ya kioo, kikachemka kidogo, kikatulia. Akafunga. Waya moja kwenye plagi hii, nyingine kwenye ile. Akaweka mega juu ya pipa ambapo kila mtu angeuona mshale, akamwita Ahmada, karani wa Bwana Badar, mtu asiyependelea upande wowote, asimame karibu na kutangaza.

"Bismillahi," alisema, akazungusha.

Mshale ukaondoka pale ulipokuwa. Haukwenda kwenye nane. Ulirudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukapita mamia, ukapita makumi, ukakaa jirani na sufuri.

Ahmada akakohoa. "Umekuja huku," alisema.

Msellem akazungusha kwa kasi zaidi, jasho linamtiririka mgongoni. Mshale ukatetemeka, ukabaki pale pale. Akabadilisha waya. Akazikaza plagi. Akazungusha tena hadi mega ikalia kama kinu cha kahawa. Sufuri.

"Yakhe," Nyange alisema kutoka kwenye gunia, bila haraka, "mshale wako umepanda kitanda cha jirani."

Ghala likaangua kicheko.

Msellem alijikuta yuko mahali ambapo hakuwahi kusimama. Akisema mshale ni mwongo, basi chombo alichokiapia mbele ya mji mzima ni takataka. Akisema mshale ni mkweli, basi gesi aliyoiapia ni mbovu, na hakuna mtungi mwingine hadi baada ya Idi. Kila njia ilikuwa na Nyange ameketi mwisho wake, mikono tumboni.

"Fundi," alisema Bwana Badar. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wewe ndiye uliyetuambia kipimo hakidanganyi. Gesi hii siitii kwenye mota yangu. Imwage." Akanyoosha kiganja. "Na ufunguo."

Vidole vya Msellem vilikwenda kwenye mnyororo. "Niruhusu kwanza nikitoe kilichomo kwenye chombo," alisema, ili apate muda wa kupumua mara mbili tatu kama fundi.

Akafungua koki ya chini. Fiii! Moshi mweupe wa baridi ukatoka, ukatambaa chini kama paka, ukapanda kwenye magoti ya watu wa mbele. Na pamoja nao ikaja harufu.

Msellem akasita. Gesi hii haina harufu, au inayo kidogo sana, ya utamutamu. Hii ilikuwa tamu, nzito, ya zamani. Ilikuwa harufu ya mto wake wa kulalia. Ilikuwa harufu ya maji aliyoyanywa tangu hajajua kuongea.

Akageuka polepole kumtazama Bi Time. Bi Time alikuwa akitabasamu kwa fahari, kama mama wa bibi harusi.

Mara moja Msellem akaona yote: kigoda, chetezo, chombo kimepinduliwa mdomo chini juu ya moshi. Kioo Bi Time alikipangusa kwa kanga yake, bila shaka, kwa kuwa yeye ni mtu wa usafi. Lakini juu ya kauri za plagi, kule ndani pasipofika kidole, moshi umeacha utando wa masizi, na umeme umetembea juu ya utando huo kama uko barabarani. Gesi haikuwa na kosa, wala mshale haukusema uongo. Mwenye kosa alikuwa yule aliyekiacha chombo mdomo wazi ndani ya nyumba ya Bi Time, siku ya Alhamisi. Na huyo, kwa mara ya kwanza, hakuwa jiwe wala wingu.

Alifungua kinywa aseme. Neno lilikwama pale ambapo maneno yasiyozoewa hukwama.  Kabla halijakwamuka, Nyange akajinyanyua kutoka kwenye gunia, akaja mbele, akavuta pumzi ndefu kwa tundu zote mbili.

"Haa! Sikilizeni, nyote!" alisema. "Mnasikia harufu hiyo? Hiyo ndiyo harufu ya gesi iliyooza!"

Msellem akafunga kinywa.

"Una hakika, Fundi Nyange?" aliuliza, kwa ile sauti ya upole.

"Hakika? Miye naijua tangu n'lipokuwa Tanga. Gesi ikishaoza hutoa uvundo huu huu, mtamu wa kutapisha. Miye pua yangu ilishausikia tangu mlangoni, nikanyamaza kwa heshima ya Bwana Badar."

"Uvundo?"

"Uvundo! Kama mzoga uliofunikwa."

"Wa kutapisha, umesema."

"Mtu akiuvuta sana ataugua. Wanawake na wasogee nyuma."

"Ahsante, fundi," alisema Msellem. Akageuka kwa adabu kubwa. "Bibi, hebu njoo karibu. Fundi Nyange wa Konde anasema hii ni harufu ya mzoga. Wewe waonaje?"

Bi Time alikuwa ameshaanza kuja kabla hajaitwa. Kanga yake ilikuwa imeshuka mabegani, na kidole chake cha shahada kimetangulia.

"Mzoga?" alisema. "Mzoga, weye Nyange? Ubani wangu wa Maka, nilioletewa na Mwanawema alipotoka hija, ninaouvunja chembe chembe kama dhahabu, leo ni mzoga? Nimemfukiza huyu mwenzangu wa shaba kwa mkono wangu, nikasema anakwenda mbele za watu, asitoke kavu kavu bila harufu. Na nyumbani kwenu maji mnayanywaje, hamfukizi mitungi? Au mnakunywa na uvundo wenu?"

Kicheko cha mwanzo kilikuwa cha upande mmoja. Hiki kilitoka pembe zote, kikapanda hadi kwenye mabati. Mvuvi mmoja alilazimika kukaa chini. Nyange aliitafuta kofia yake kichwani kama vile ameibiwa.

Lakini Bwana Badar bado alikuwa amenyoosha kiganja.

"Nimesikia habari ya ubani," alisema. "Sijasikia habari ya mota yangu. Fundi, kuna nini?"

Msellem akamtazama bibi yake, akautazama mshale, akautazama ufunguo. Angeweza kusema bibi ndiye aliyeharibu. Ilikuwa kweli, nusu yake. Ghala lote lingecheka tena, na Bi Time angerudi nyumbani peke yake, kimya, akiwa amefunika uso. 

"Moshi umeweka masizi ndani ya chombo," alisema. "Umeme umepita kwenye masizi, haukupita kwenye gesi. Niliki..." Akakohoa. "Nilikiacha wazi, sikumwambia mtu. Bibi hana kosa." Akavuta pumzi kama anayezama. "Nimekosa."

Watu walitazamana. Hata Nyange aligeuka kumtazama, kwani jambo hilo lilikuwa geni Wete kuliko mega.

"Rudia," alisema Bi Time, mkono sikioni. "Sikusikia vizuri."

"Bibi!"

"Basi, mume wangu, basi. Nilitaka kulisikia mara mbili, sijui kama nitaishi hadi jingine."

Bwana Badar alishusha kiganja nusu. "Osha chombo. Pima tena. Hapa hapa, mbele yetu. Hakuna anayetoka."

Msellem akakifungua chombo chote. Akazisugua kauri za plagi kwa spiriti na kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka rangi ya chai. Akazisugua tena, hadi kikatoka kilivyoingia. Akaichomeka senti kumi kati ya sahani kuhakiki nafasi, akaitoa. Wakaleta jiko la mkaa, akakigeuza chombo juu ya joto hadi kikakauka, akakipitishia gesi kidogo kufukuza hewa ya Pemba, akafunga, akangoja kipoe. Bi Time alisimama karibu na jiko muda wote, mikono nyuma. Wanawake wawili walimshika kanga yake, kwa tahadhari.

Gesi ikaingia kwa mara ya pili. Waya zikafungwa. Msellem hakusema kuwa mshale utalala. Alisema "Bismillahi" tu, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza, akazungusha.

Mshale ukatetemeka. Ukaenda kidogo upande wa sufuri, watu wakaguna. Kisha ukageuka. Ukapanda makumi, ukapanda mamia, ukaenda bila haraka hadi mwisho wa kioo, ukajilaza juu ya nane na kutulia, hata mkono wa Msellem ulipoongeza kasi.

"Umelala," alitangaza Ahmada. Na kwa kuwa alikuwa karani, akaongeza, "Juu ya nane."

Jua lilikuwa linakaribia kuzama gesi ilipoingia kwenye chungu cheusi na injini ya dizeli ilipowashwa. Mota ikanguruma, watu wakaweka mikono kwenye bomba kwa zamu, na wa tatu akautoa wake haraka akisema, "Baridi!" Bwana Badar akakirudisha kiganja chake mfukoni bila kitu. "Kesho naja kuangalia," alisema. "Na keshokutwa." Ndivyo alivyosema ahsante.

Nyange aliondoka na gari la mwisho la Konde, lakini alichelewa kuukwepa wimbo. Sokoni walishaanza kuimba, na aliyeutunga hakuwa Msellem. Msellem alikuwa bado anatafuta kina cha ubeti wake wa kwanza wakati bibi yake alipokwisha kuwapa wachukuzi huu:

Nyange pua kaitia, penye moshi wa ubani,
Ubovu kausikia, harufu njema ya ndani,
Pua iliyolalia, dagaa wa baharini,
Bure kuifukizia, haina tena thamani.

Msellem alizihesabu mizani. Zilikuwa kamili.

Alhamisi iliyofuata, ya kwanza ya Ramadhani, alirudi nyumbani adhuhuri akalala. Chombo sasa hakikukaa nyumbani. Alikifungia ndani ya chumba cha baridi, nyuma ya mlango mnene. Alipoamka, akapapasa kiunoni. Mnyororo ulikuwepo, umefunguliwa, na hauna kitu.

Alitoka mbio hadi uani kwa nyuma. Bi Time alikuwa amechuchumaa mbele ya chetezo, moshi unampanda usoni, na juu ya moshi, ukiwa umening'inizwa kwa uzi, ulikuwa ufunguo wa shaba, ukizunguka taratibu.

"Usinitolee macho, mume wangu," alisema bila kugeuka. "Huu hauna nafasi ya kupima, basi acha unukie."